Maandiko Matatu kwa Wiki

Andiko la Jumatatu huanza alfajiri, kwenye mwalo wa samaki wa Mwigobero, na mwandishi wake hajashika kalamu. Ameshika dagaa. Amechota konzi moja kutoka kwenye gunia lililofunguliwa mdomo, anawafikicha taratibu kati ya viganja, anapuliza, kisha anakisogeza kiganja kwenye mwanga atazame kilichobaki. Ukibaki mchanga, anairudisha konzi ile guniani, anashukuru, anasogea kwa muuzaji wa pili. Kisipobaki kitu, anachagua dagaa mmoja na kumvunja kiunoni. Aliyekauka hadi ndani huvunjika kwa mlio. Aliyekauka ngozi tu hupinda kwanza. Baada ya sikio, pua. Baada ya pua, jicho: rangi ya fedha ni dalili njema, umanjano unaopanda kutoka tumboni ni mafuta yaliyoanza kuchacha.

Wakati yeye anamaliza gunia la tatu, mnunuzi aliyekuja naye ameshapakia mkokoteni na kuondoka. Hilo halimsumbui. Anafungua la nne.

Mama huyu ana duka la dagaa Nyakato, hapa Musoma mjini. Majirani wanamjua kwa sado yake, ambayo huijaza mpaka ifanye kilima. Lakini sehemu kubwa ya mzigo wake hupanda basi stendi ya Bweri kwenda kwa watu asiowahi kuwaona: wenye migahawa, wenye vibanda vya chakula, akina mama wa mikoa isiyo na ziwa. Wote hao walimpata kwenye ukurasa wake wa intaneti, anaouandika mwenyewe kwa simu mara tatu kwa wiki. Jumatatu hutoa habari ya mzigo. Jumatano hutoa somo. Jumamosi hujibu swali la mteja. Mvua inyeshe, jua liwake, maandiko hayo matatu hutoka.

Nilikaa kwenye benchi la duka lake kuitazama kazi hii namna mtu anavyokaa kumtazama seremala mzuri, bila haja ya kununua kiti. Watu wa biashara huizungumzia kwa maneno makubwa: ubora, wingi, mwendelezo. Husema pia kwamba vitatu hivyo havikai pamoja, kwamba ukishika kimoja kingine kinaponyoka. Nilitaka kuona mikono ya mtu anayevishika vyote.

Zana zake ni chache. Ana kaunta buku lenye jalada gumu, kalamu ya bluu na kalamu nyekundu, sahani nyeupe ya bati, kiberiti, na simu iliyopasuka kioo kwenye pembe. Kaunta buku ndilo la kwanza kufunguliwa. Akiwa bado mwaloni, amesimama, analilaza kwenye mkono wa kushoto na kujaza safu alizozichora kwa rula: tarehe ya kuvuliwa, mahali pa kuanikwa, hali ya jua siku hiyo, bei ya kununulia, aliyemuuzia. Safu ya mwisho ni pana kuliko zote na haina kichwa. Humo huandika chochote kilichomfanya asimame: upepo uliogeuka usiku, mama aliyekuwa akigeuza dagaa kwa ufagio wa chelewa badala ya mikono, gunia jipya lenye harufu ya saruji.

Safu anayoijaza kwa uangalifu zaidi ni ya mahali pa kuanikwa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za sola. Samaki hawa wadogo huufuata mwanga, wavu huwazunguka, na kunapokucha mtumbwi unafika ufukweni ukiwa na mzigo usioweza kusubiri. Wengine huwaanika mchangani. Wengine huwatandaza juu ya miamba, ambayo Musoma haina uhaba nayo. Wengine hutandika nyavu kuukuu chini yao, na wengine huwamwaga kwenye vichanja vilivyoinuliwa kutoka ardhini, hewa ipite juu na chini. Jua likiwa zuri, siku moja inatosha. Mvua ikiwakuta hawajakauka, wanavunda, na dagaa aliyekusudiwa chungu cha mtu huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mnunuzi aliye mbali haoni hata kimoja cha hivi. Anaona picha. Ndiyo maana swali la kwanza la mama kwa muuzaji si bei. Huuliza wamelala wapi, na jua lilikuwaje.

Kufikia saa ambayo jua linapanda, ubora wa andiko la jioni umeshaamuliwa kwa sehemu kubwa, na hakuna sentensi hata moja iliyoandikwa. Anayeondoka mwaloni na daftari tupu atalazimika kuujaza ukurasa kwa sifa, kwa sababu sifa hazihitaji kwenda mwaloni.

Dukani, kazi ya pili ni picha. Huweka sahani ya bati kwenye benchi la mlangoni, mahali ambapo mwanga wa asubuhi unaingia kwa ubavu bila jua lenyewe kugusa. Jua la moja kwa moja hulifanya kila gamba ling'ae mpaka umbo la samaki lipotee. Kisha anaingiza mkono katikati ya gunia, si juu ambako wazuri hupangwa, na kumwaga konzi ile kwenye sahani bila kuchagua. Kando yake hulaza kiberiti. Kila nyumba ina kiberiti, hivyo mtu wa Singida anaujua urefu wa dagaa bila kuambiwa kwa sentimita. Hupiga picha tatu: ya sahani nzima, ya karibu, na ya gunia lenye mdomo wazi. Anazitazama akiwa amekinga kioo kwa kiganja. Anafuta mbili.

Wakati mwingine anafuta zote. Asubuhi moja kivuli cha turubai la jirani kiliwapa dagaa rangi ya samawati iliyokolea, wakaonekana kama wametoka majini saa ile. Ilikuwa picha nzuri kuliko nyingine zote za siku hiyo. Aliitazama, akamtazama dagaa mwenyewe, akaifuta, akasogeza benchi hatua mbili na kuanza upya.

Rasimu huandikwa mchana, wateja wanapopungua, kwa kalamu ya bluu. Huandika mfululizo bila kuinua kichwa, na huruhusu kila kitu kije: dagaa bora, dagaa safi kabisa, dagaa namba moja, karibuni nyote wapendwa. Ukurasa mzima hujaa. Kisha anaufunika, anapima sado ya mteja, anafagia mbele ya duka, anakunywa chai. Anaporudi ameshika kalamu nyekundu.

Hapo ndipo niliposogea karibu. Kalamu nyekundu husimama kwenye kila neno la sifa na kulidai ushahidi. "Bora" halina, linakatwa. "Safi kabisa" linao, ila umefichika. Linakatwa, na mahali pake panaandikwa kwamba amefikicha konzi tatu kutoka magunia matatu na hakuna mchanga uliobaki kiganjani. "Wapya" linakatwa na kupewa tarehe. Salamu ndefu za mwanzo zinaondoka zote isipokuwa neno moja la kukaribisha, kwa sababu msomaji analipia bando na ana haki ya kufika haraka kwenye jambo. Kinachobaki ni mwili mkavu: walivuliwa lini, walianikwa juu ya nini, wana ukubwa gani, magunia ni mangapi, nauli ya mzigo ni kiasi gani, na kasoro yao ni ipi.

Kasoro haikosekani. Mzigo mmoja nilioutazama ulikuwa na vichwa vingi vilivyokatika, kwa kuwa magunia yalikanyagwa wakati wa kushindiliwa. Kwenye picha isingeonekana. Aliiandika. Mara ya kwanza sentensi ilitoka ikiomba radhi, akaikata. Mara ya pili ilitoka ikijitetea, akaikata. Mara ya tatu ikatoa habari tu: vichwa vingi vimekatika, anayetaka wa kukaanga wakiwa wazima asubiri mzigo unaofuata, anayepika mchuzi au kusaga unga wa uji hataona tofauti. Sentensi hiyo moja ilimchukua muda kuliko ukurasa wote uliosalia, na baada ya kuiandika aliisoma kimya akiwa amefunga kalamu kwa kifuniko, ishara kwamba haigusi tena.

Kisha humwita binti wa kaka yake, anayemsaidia dukani, na kumpa daftari asome kwa sauti. Mama haangalii daftari. Anaangalia mdomo wa binti. Binti akivuta pumzi katikati ya sentensi, sentensi ni ndefu. Akirudia neno, neno hilo halikaliki mdomoni. Akisema, "Shangazi, hapa sijaelewa," shangazi hafafanui. Huchukua kalamu na kuandika upya, kwa sababu mteja wa Dodoma hatakuwa na shangazi pembeni wa kumfafanulia.

Inafuata kazi ambayo wengi huiruka kwa uchovu. Bei hupigiwa mstari na kulinganishwa na ile ya safuni. Magunia huhesabiwa upya kwa kidole stoo, hata kama asubuhi yalihesabiwa. Nauli ya mzigo huulizwa kwa simu kwa karani wa basi, hata kama juzi iliulizwa, maana mafuta yakipanda nauli haitoi hodi. Mteja akikuta nauli ni tofauti na ilivyoandikwa, ataanza kujiuliza na tarehe ya kuvuliwa ilikuwa ya kweli kiasi gani.

Mwisho andiko linaingia kwenye simu, herufi kwa herufi, kwa kidole gumba cha kulia. Simu huyageuza maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza. Yeye huyarudisha moja moja, bila kuguna. Saa moja usiku analitoa. Saa hiyo nayo ilitoka kwenye kaunta buku: kwa muda mrefu aliandika kila swali liliingia saa ngapi, akaona mengi huja watu wakiwa wameshatoka kazini na chakula kiko jikoni. Akishalitoa, simu haiwekwi chini. "Mama, shikamoo. Mnatuma Kondoa?" Marahaba huja kwanza, jibu hufuata, na swali lenyewe hunakiliwa upande wa nyuma wa kaunta buku. Andiko la Jumamosi mojawapo limeshapata mbegu yake.

Maswali hayo hayajibiwi kwa kubahatisha. Mteja mmoja aliuliza kwa nini dagaa wake huwa wachungu. Mama alikuwa na jibu mdomoni, lakini hakuliandika. Aliwasha mkaa, akaweka sufuria tatu ndogo. Katika ya kwanza aliwapika dagaa wazima kama walivyotoka guniani. Katika ya pili aliwatoa vichwa na matumbo kwanza. Katika ya tatu aliwaosha kwa maji ya moto, akawakausha, akawakaanga kidogo kabla ya kutia nyanya. Binti alionja akiwa amegeuzia sufuria mgongo, asijue ipi ni ipi, na hukumu yake ikaandikwa. Uchungu ulikuwa kwenye sufuria ya kwanza. Ya pili haikuwa nao. Ya tatu ulikuwa umepungua sana. Andiko lililotoka Jumamosi lilikuwa fupi kuliko habari yake. Msomaji alipewa njia mbili za kuondoa uchungu na akaambiwa ipi inachukua muda mdogo kwa mtu mwenye haraka ya kwenda kazini. Sufuria tatu, mkaa na saa nzima ya mchana zimelala chini ya mistari michache.

Ukiitazama kazi ya andiko moja kwa ukaribu huu, swali la wingi linabadilika sura. Kwa nini matatu, si saba?

Alipoanza yalikuwa saba. Aliambiwa, kama wengi wanavyoambiwa, kwamba anayeonekana kila siku ndiye anayeuza. Kaunta buku la kipindi hicho bado analo, na linajieleza lenyewe: safu zimejaa siku mbili za wiki, siku tano hazina kitu, kwa kuwa mwaloni alikwenda mara mbili tu. Siku mbili aliandika alichokijua na siku tano aliandika sifa. Wateja hawakulalamika. Waliacha kuuliza. Ndipo alipoketi na kuhesabu alichokuwa nacho. Safari zake za mwaloni humpa habari moja ya mzigo inayostahili kutolewa. Kazi ya dukani, ya kuchambua, kurudia kuanika, kufunga na kushona, humpa somo moja. Maswali ya wateja humpa jibu moja. La nne angelazimika kulitunga.

Wako waliohesabu wakapata namba nyingine, nao wakafika. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, alianzisha blogu yake mwaka 2005 na kuijaza kila siku, tena mara nyingi kwa siku, kwa picha na maelezo mafupi chini yake. Wingi ule ulikuwa halali yake, kwa sababu mpiga picha anayezunguka mjini hurudi jioni akiwa na mengi. Jarida la Mkulima Mbunifu, linalowaandikia wakulima wadogo kwa Kiswahili, hutoka kwa mwezi. Somo la mbolea au la ugonjwa wa kuku linamhitaji mtu aende shambani, aone, arudi. Huko Marekani, kampuni ya John Deere, watengenezaji wa majembe ya kukokotwa na baadaye matrekta, ilianzisha jarida la The Furrow mwaka 1895 ili kuzungumza na wakulima waliokuwa wateja wake. Bado linatoka, matoleo machache kwa mwaka, zaidi ya karne moja baadaye. Mmoja alikwenda kwa siku, mwingine kwa mwezi, mwingine kwa msimu. Kila mmoja alichagua mwendo ambao malighafi yake ingeweza kuulisha, akaushika.

Kwa muuza dagaa, mtihani wa kuushika mwendo uko angani. Taa ya mvuvi ina nguvu gizani tu. Mwezi unapokaribia kujaa, mwanga wake hutapakaa ziwa zima, dagaa hawakusanyiki tena chini ya taa, na mitumbwi hupumzika ufukweni kwa siku kadhaa. Huwa hivyo kila mwezi, na kwa kuwa mwezi huzunguka kwa siku 29 na nusu, mapumziko hayo hayaangukii tarehe ileile ya kalenda ya ukutani. Vichanja hubaki tupu. Bei hupanda. Jumatatu nayo inafika.

Wauzaji wengi hapo hunyamaza mpaka giza lirudi. Wachache hutoa picha ya zamani na kuiita ya leo. Mama hujiandaa mapema. Kurasa za nyuma za kaunta buku, zilizowekewa kipande cha uzi wa gunia kama alama, ni ghala la masomo yasiyozeeka. Limo somo la kuosha dagaa walioanikwa mchangani: tumia maji mengi ya uvuguvugu kwenye beseni pana, wakoroge kwa mkono, waache mchanga utuame, kisha wachote kwa juu badala ya kumwaga beseni lote. Limo somo la kwa nini dagaa humfaa mtoto, kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake, na mifupa ndiyo yenye kalsiamu. Limo la kupima gunia, la kutambua aliyelowa akakaushwa tena, la kuwachanganya na karanga. Sheria yake ni kwamba ghala lisishuke chini ya masomo sita. Akitoa moja, wiki haiishi kabla hajaandika jingine. Masomo hayo hayatungwi kwa dharura. Yanaandikwa siku za giza, mzigo ukiwa tele na mikono ikiwa na habari.

Hata hivyo ghala haliruhusiwi kuchukua nafasi ya habari. Jumatatu ya mbalamwezi bado hutoa habari ya mzigo, na habari yenyewe ni kwamba mzigo hakuna. Anaeleza sababu. Anasema mitumbwi inatarajiwa kurudi ziwani lini. Anataja magunia yaliyobaki stoo na tarehe yalipokaushwa, ili atakayeyataka ajue umri wake. Ni sentensi nne au tano, na picha ya vichanja vitupu. Aliahidi Jumatatu, hakuahidi mzigo. Maandiko hayo madogo ndiyo yaliyowafundisha wateja wa mbali kalenda ya ziwa ambalo baadhi yao hawajawahi kulitia machoni. Wenye migahawa sasa huulizia mwezi kabla ya kuulizia bei, na huagiza kabla haujajaa.

Ijumaa haina andiko jipya. Ni siku ya kurudi nyuma. Anafungua maandiko ya zamani kwenye simu, la kwanza kabisa likiwa la kwanza kusomwa, na kuyakagua kama bado yanasema kweli. Somo moja la kuhifadhi lilikuwa limeshauri mfuko wa nailoni uliofungwa barabara. Kisha ikaonekana kwamba dagaa ambaye hajakauka vizuri hutoa unyevu humo ndani na kuota ukungu. Hakulifuta. Aliliandika upya: wakaushe tena juani nusu siku, waache wapoe, ndipo uwafunge. Juu kabisa akaweka tarehe ya marekebisho, ili aliyelisoma zamani ajue kuna jipya.

Mkoa huu una mfano wake mkubwa wa kazi hiyo ya kurudi. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar mwaka 1963. Kitabu kilikuwa kimeshachapishwa, na mfasiri wake alikuwa na nchi ya kuongoza. Mwaka 1969 akakitoa tena kikiwa kimefanyiwa marekebisho, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mtu anayerudia kazi iliyokwisha kusifiwa anafanya jambo ambalo hakuna anayemdai. Mama wa Nyakato hudaiwa na ukungu wa mteja mmoja, lakini mkono unaofungua tena kazi iliyokwisha ni wa ukoo huohuo.

Ijumaa hiyohiyo hujaza ukurasa wa hesabu. Kila mteja mpya huulizwa alimjuaje, na jibu huwekewa kijiti kwenye andiko lililomleta. Idadi ya waliolitazama andiko anaiona kwenye simu, lakini haiingizi daftarini. Somo la mapishi hutazamwa na wengi na huleta wachache. Ile habari ya vichwa vilivyokatika haikutazamwa sana, ila vijiti vyake vilijaa mstari. Ajabu zaidi ni vijiti vya maandiko ya zamani. Mtu husoma kimya kwa miezi, hasalimii, hapongezi, kisha siku moja anaagiza magunia mawili na kutuma pesa yote kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Ukimuuliza ni andiko gani lililomshawishi, hutaja zaidi ya moja, na mara nyingi hutaja lile lililosema mzigo hakuna.

Hapo nikauelewa mpangilio wa kazi yote. Wengi huanza na wingi, wakitumaini ubora utakuja na uzoefu na mwendelezo utakuja na nidhamu. Mama ameanzia upande wa pili. Kwanza alitafuta mwendo anaoweza kuubeba. Mwendo ulipotulia, kila andiko likapata muda wake wa mwaloni, wa sahani, wa kalamu nyekundu na wa masikio ya binti, na humo ndimo ubora ulimokaa. Wingi hakuutafuta. Matatu kwa wiki ni 156 kwa mwaka, na leo mtu akifungua ukurasa wake hukuta kitu kinachokaribia kitabu kizima cha dagaa, kuanzia taa ya mvuvi hadi sufuria, kilichoandikwa na mtu asiyewahi kukaa chini kuandika kitabu.

Anayetaka kuiga kazi hii atavutiwa kuhesabu maandiko anayoweza kutoa wiki ya mavuno, jua likiwa zuri na mwili ukiwa na afya. Hesabu ya Nyakato ilifanywa kwa wiki ya mbalamwezi, mtoto ana homa na umeme umekatika. Idadi inayowezekana wiki hiyo, bila kusema uongo, ndiyo idadi.